Naomba ushauri: natembea Annapurna Base Camp (Nepal) mwezi wa 11, mazoezi naanzaje nikiwa Dodoma?

Mama_Kisasa:

Habari zenu wakuu, poleni na majukumu. Naomba mnisaidie mawazo hasa mliowahi kupanda milima au kufika Nepal. Mwezi wa 11 Mungu akipenda tunaenda watu wanne, mimi na wenzangu niliosoma nao chuo, kutembea kwa miguu mpaka Annapurna Base Camp, wenyewe wanaita ABC. Tumeshalipa advansi kwa kampuni ya kule kule Nepal, kuna mwongozaji na mapota wa kubeba mizigo, na kulala ni kwenye zile gesti za njiani wanaziita tihauzi, kwa hiyo mambo ya mahema na kubeba sufuria hakuna. Wameandika ugumu ni wa wastani ila nikisoma huku na kule nakuta mara ngazi maelfu, mara baridi, mara hewa ndogo, nakosa pa kushika.

Hali yangu ni hii. Nina miaka 46, nakaa Kisasa kazi Mtumba, yaani asubuhi gari jioni gari na katikati ni kiti. Wikiendi natembea tembea lakini sio kivile. Natumia dawa za presha na imetulia muda sasa. Kilimanjaro sijawahi kupanda, wala mlima wowote wa maana. Na mnaijua Dodoma yetu, tambarare na jua, hiyo baridi na huo mlima wa kufanyia mazoezi naupata wapi?

Ratiba waliyotutumia: Kathmandu tunalala, basi mpaka Pokhara, gari mpaka Ghandruk, halafu kwa miguu Chhomrong, kesho yake Bamboo, kesho yake Deurali, kutoka Deurali moja kwa moja ABC tunalala huko, kisha kushuka Bamboo, Jhinu na kurudi Pokhara.

Nachotaka kujua ni mazoezi gani ya maana kwa miezi hii iliyobaki, presha yangu ina shida gani na milima, nguo na viatu nanunua hapa au kule, na chakula maana mimi ni Muislamu sitaki kuhangaika na nyama. Ukiona kuna kitu kwenye ratiba hakijakaa sawa niambie tu wazi, bora nijue sasa hivi nikiwa nyumbani.

Mgumu_Mstaafu:

Dada hongera sana, hiyo safari unaiweza na muda unao. Mimi nimefanya kazi Kilimanjaro kabla sijahamia huku Dom, nimepeleka watu wa kila aina, na nikwambie kitu, wanaoshindwa sio wanene wala wazee kama watu wanavyodhani. Wengi ni wale wanaokimbia siku ya kwanza kwa sababu wanajisikia wana nguvu, na wale wanaoficha kwamba kichwa kinauma ili wasionekane wanachelewesha kundi. Hao wa pili ndo walikuwa wananinyima usingizi.

Kimo kwanza. ABC ni mita 4,130. Ukipeleka kwa Kilimanjaro njia ya Marangu, ni juu ya Horombo (3,720) lakini haifiki Kibo (4,720). Kwa hiyo sio mchezo ila sio kilele cha Uhuru, na watu wa kawaida wanaofanya kazi ofisini wanafika kila mwaka kwa wingi tu.

Sasa ratiba, umesema tuseme wazi. Hapo Deurali kwenda kulala ABC sipapendi kabisa. Deurali iko mita 3,200 na kitu, ABC 4,130, yaani usiku mmoja unalala kama mita 900 juu ya ulipolala jana yake. Utaratibu unaofuatwa milimani ni kwamba ukishavuka mita 3,000 usipandishe kimo cha kulala zaidi ya mita 500 kwa siku, na kila baada ya siku tatu nne unapumzika hapo hapo ulipo. Na katikati ya Deurali na ABC kuna sehemu nzuri tu inaitwa Machhapuchhre Base Camp, MBC, mita 3,700, ina gesti. Mlale pale, kesho yake asubuhi mnapanda ABC ni kama masaa mawili kwa mwendo wa pole pole, mmefika mapema mwili umepoa. Kampuni nyingi zinaruka huo usiku kupunguza gharama na siku, na wateja wengi wanapita salama, lakini wewe ni mara ya kwanza kwenda juu na una presha, usikubali. Waandikieni leo, ni usiku mmoja tu.

Mazoezi. Watu wanafanya kosa la kufikiria kupanda tu, kumbe kinachovunja miguu ni kushuka. Ukishuka, msuli wa mbele wa paja ndo unakuwa breki, unavutwa huku umekaza, na kama haujazoea kesho yake unashindwa hata kuchuchumaa chooni (na vyoo vya kule juu ni vya kuchuchumaa). Hapo Mtumba jengo lenu lina ghorofa, acha lifti. Jioni kabla hujapanda gari panda na kushuka nusu saa, na wakati wa kushuka usidondoshe mguu, ushushe taratibu mpaka kisigino kiguse, goti lielekee mbele lisiingie ndani. Wiki mbili za mwanzo utaumia, ya tatu utashangaa.

Halafu Jumamosi na Jumapili, zote mbili, vilima vya UDOM au Mlimwa, toka saa 12 asubuhi jua halijachacha, masaa matatu mpaka manne. Jumapili utatoka miguu imechoka na ndo maana yenyewe, sababu Nepal hakuna siku ya kupona, unatembea leo kesho keshokutwa. Begi weka chupa nne za maji za lita moja na nusu, hiyo ni kilo sita. Wiki za mwanzo ukifika juu mwagia miche chupa mbili tatu ushuke na begi jepesi magoti yazoee, baadae ndo unashuka na mzigo wote. Kipimo cha mwendo ni kwamba uweze kuongea sentensi nzima bila kuhema, ukishindwa umezidisha, punguza.

Mwezi wa 9 au mwanzo wa 10 kabla ya mvua nenda Hanang. Unapita Kondoa, Babati, unaingia Katesh, mlima una mita 3,400 na kidogo, ni kutwa nzima kupanda na kushuka, uko chini ya TFS (Wakala wa Misitu) na unachukua mwongozaji wa pale pale. Usitegemee Hanang itakuzoesha hewa ya Nepal maana mwili ukishuka unasahau ndani ya wiki chache. Ila utajua buti zinakubana wapi, jaketi linazuia upepo au haliuzuii, na kichwa chako kikoje ukivuka elfu tatu. Hayo yote bora uyajue Katesh.

NesiMakole:

Shikamoo dada. Mi niongelee afya tu, mengine kaka hapo juu kamaliza.

Presha iliyotulia kwa dawa haikuzuii kwenda, lakini usiende bila kumwona daktari, na usiende siku mbili kabla, nenda miezi miwili kabla. Hospitali ya Benjamin Mkapa au General zote zipo, mwambie kabisa naenda mita 4,130 nalala huko. Beba majina ya dawa zako. Sababu ni hii: watu wengi wa milimani wanatumia acetazolamide, ile inauzwa kama Diamox, inasaidia mwili kuzoea haraka, na kawaida inaanzwa siku moja kabla ya kupanda, miligramu 125 asubuhi na jioni. Sasa hiyo inakojolesha, na vidonge vingine vya presha navyo ni vya kukojolesha, ukiviweka pamoja potasiamu inashuka na maji yanapungua mwilini. Daktari ndo aamue kama unaitumia au la, usichukue tu duka la dawa. Kama una mzio wa dawa za salfa pia mwambie. Akikukubalia jaribu ukiwa hapa hapa nyumbani siku moja mbili, vidole vitawasha washa kama ganzi na soda itapoteza ladha ya gesi, hayo ni ya kawaida usiogope. Dawa zako za presha usiache hata siku moja eti kwa sababu uko safarini.

Kitu ambacho vitabu vya wazungu wanakigusia tu ila sisi kinatuhusu: selimundu. Sio ule ugonjwa wenyewe, naongelea wale wanaobeba kinasaba kimoja bila kuumwa, na huku kwetu ni wengi na hawajijui. Mtu wa hivyo akienda juu kwenye hewa ndogo anaweza kupata maumivu makali ya bandama, upande wa kushoto chini ya mbavu, na ni dharura. Pimeni wote wanne, ni kipimo cha damu cha kawaida tu. Ukikutwa nacho haimaanishi basi usiende, inamaanisha daktari na mwongozaji wajue mapema, mnywe maji, na maumivu ya upande huo yasichukuliwe kwamba ni vichomi.

La pili linalotuhusu sisi ni malaria. Unatoka Tanzania, wiki ya pili uko kule juu unapata kichwa na homa, wenzako wote watasema ni mlima. Kichwa kuuma, kichefuchefu, usingizi mbovu, kukosa hamu ya kula, hayo ni ya mlima kweli, lakini homa kali ya kutetemeka sio kawaida ya mlima. Beba kipimo cha haraka na dozi ya dawa mseto, na ukifika hospitali yoyote Kathmandu au Pokhara neno la kwanza sema natoka sehemu yenye malaria, maana hawatawaza.

Sasa mlima wenyewe. Kichwa kinauma kidogo: unabaki hapo hapo, unakunywa maji, unameza paracetamol, hupandi mpaka kiishe. Kikizidi au unatapika: unashuka. Ukianza kuyumba kama mlevi, kuongea visivyoeleweka, au kukosa pumzi hata ukiwa umekaa na kikohozi chenye mlio wa majimaji kifuani, hapo maji yanaingia kwenye ubongo au mapafu, unashuka usiku huo huo hata kama kuna giza, hakuna kusubiri asubuhi wala kusubiri helikopta kama njia ya miguu ipo. Kushuka mita 500 mpaka 1,000 kunaokoa kuliko kidonge chochote. Kuna kipimo rahisi, mwambie mwenzio atembee kwenye mstari kisigino kwa kidole kama hatua kumi, akishindwa usibishane naye. Wekeaneni ahadi nyie wanne kabla hamjaondoka kwamba kila jioni kila mtu anasema ukweli jinsi anavyojisikia, na pombe na dawa za usingizi wakati wa kupanda hakuna.

Kadi ya njano usisahau.

Tembo_wa_Ruaha:

Samahani lakini kwa nini mtu wa Dodoma atoe mamilioni kwenda Nepal wakati Kilimanjaro ipo hapo hapo na bei ya mzawa ni nafuu? Watalii wanatoka huko kuja kwetu.

Mama_Kisasa:

@Tembo_wa_Ruaha sijakataa kaka, Kilimanjaro inshallah nitaenda. Hii tumeahidiana na wenzangu tangu tuko chuo, mmoja wetu anaishi Doha na ndo njia yetu ya ndege, tumechanga muda mrefu.

@NesiMakole marahaba mdogo wangu, sijui nikushukuruje. Hilo la selimundu sijawahi kulisikia na dada yangu mmoja mtoto wake anao ugonjwa, kwa hiyo nitapima wiki hii hii. Na moja ya dawa zangu ni ya kukojolesha kweli.

@Mgumu_Mstaafu nimewaandikia kampuni kuhusu MBC.

Msafiri_Chamwino:

Mbukwenyi wadau. Nimefika ABC kwa hiyo naomba niseme maisha ya njiani yalivyo maana mazoezi na afya vimeshasemwa vizuri.

Tihauzi ni gesti za familia. Chumba ni vitanda viwili, ukuta mwembamba wa mbao au mawe, unasikia jirani akigeuka, hakuna joto lolote chumbani. Blanketi zito wanatoa lakini juu kule msimu wa watu wengi yanaweza kupungukia, kwa hiyo begi la kulalia ni lazima. Maisha yote ni chumba cha kulia chakula, ndiko kuna jiko la kuota moto, watu wote wanakaa humo na soksi zimetundikwa, mpaka saa mbili usiku mnaenda kulala. Chumba ni bei ndogo kwa sababu wanategemea ule kwao, usilale hapa ukaenda kula kwa jirani, ni kuwaumiza. Bei ya chakula inapanda kila unavyopanda, na ukiona pota anavyopita na mtungi wa gesi mgongoni kamba imepita kwenye paji la uso huwezi hata kulalamika, kila kitu juu ya Chhomrong kinapanda kwa mgongo wa mtu.

Chakula dada yangu usihofu, utakula dal bhat: wali, dengu za mchuzi, mboga, viazi, achari, na wanakuongeza mpaka ushibe bila kulipa tena. Hakuna nyama ndani yake usipoiagiza. Nyama njiani waachie, mara nyingi imebebwa kwa miguu bila friji, hata asiye Muislamu namshauri hivyo hivyo. Asubuhi kuna uji wa shayiri, mayai, mkate wa Kitibeti wa kukaanga ambao ukiula utakumbuka maandazi ya nyumbani. Beba vitafunwa vya hapa, zabibu kavu za Dodoma, karanga, ubuyu, juu kule hamu ya kula inakata na kitu unachokijua mdomo ndo unakubali. Mimi nilibeba karanga za kukaanga na nusu niliwagawia mapota, wakawa wananiulizia kila tukisimama.

Maji usinunue ya chupa, plastiki inabaki mlimani na ni ghali. Beba vidonge vya klorini au hivi vya kwetu vya WaterGuard, weka kwenye chupa subiri nusu saa, au nunua maji yaliyochemshwa jikoni. Usiku chupa ya maji ya moto iingize kwenye begi la kulalia miguuni, kesho yake ndo maji yako ya kunywa. Simu na betri za akiba nazo zilaze humo humo, baridi inakula chaji. Kuchaji unalipa, kuoga maji ya moto unalipa, waifai unalipa, kwa hiyo beba rupia taslimu za kutosha toka Pokhara, ATM njiani usizitegemee. Dola utafute benki hapa mapema na ziwe safi hazina mikunjo. Laini ya simu Nepal Telecom ndo inashika zaidi milimani.

Baridi: mwezi wa 11 mchana ukitembea utavua mpaka fulana, jua likizama nyuma ya mlima hapo hapo unavaa kila kitu, na usiku ABC inashuka chini ya sifuri vizuri tu. Siri ni kuvaa tabaka. Fulana ya ndani inayokauka haraka, sio pamba, pamba ikilowa jasho inakugandisha. Juu yake sweta la flisi, juu jaketi lililojazwa manyoya ya ndege, juu la mvua na upepo. Jinzi iache Kisasa. Soksi nzito za sufu jozi tatu zinatosha, moja ni ya kulalia tu haigusi kiatu. Kofia ya kufunika masikio, glavu, miwani ya jua, mafuta ya jua hata kwa ngozi yetu maana theluji inarudisha mwanga, na tochi ya kichwani. Toilet pepa yako mwenyewe. Jaketi la manyoya na begi la kulalia vyote vinakodishwa Thamel pale Kathmandu au Pokhara, usinunue. Fimbo za kutembelea mbili, hizo nunua kabisa, kule bei rahisi, na kwenye zile ngazi za mawe zinabeba magoti.

Kuhusu ngazi sikufichi. Chhomrong unashuka ngazi mpaka mtoni, unavuka, unapanda Sinuwa, na siku ya kurudi zile zile ulizoshuka ukiwa mzima unazipanda ukiwa umechoka. Hapo ndo utamshukuru Mgumu_Mstaafu na lifti yake. Zuri ni kwamba Jhinu kuna maji ya moto ya asili pembeni ya mto, ukifika hapo miguu yote inasahau.

Kibali cha hifadhi ya Annapurna ni rupia 3,000 kwa mgeni, kampuni ndo inashughulikia, hakikisha kibali kimo kwenye bei. Mwongozaji toka Aprili 2023 ni lazima kisheria kwenye njia nyingi, kwa hiyo mko sawa. Viza wanatoa uwanja wa ndege Kathmandu, siku 30 dola 50, ila ipo orodha ya nchi ambazo raia wake lazima waombe mapema ubalozini, mwangalie kwenye tovuti ya Uhamiaji wa Nepal kabla ya kuthibitisha tiketi. Basi Kathmandu Pokhara ni kilomita 200 lakini barabara inakula kutwa nzima, mkiweza ndege ni chini ya nusu saa, kaeni kulia mkielekea Pokhara mnaiona milima yote.

Bima isome kwa macho yako. Bima nyingi za safari zinaishia mita 3,000 au zinakataa helikopta. Iandikwe wazi inafika mita 4,500 na inalipia kuokolewa kwa helikopta. Na tukiwa kwenye hilo, mwongozaji akisema leo hatupandi theluji imeanguka nyingi, ni hivyo hivyo. Kati ya Deurali na MBC bonde ni jembamba na maporomoko ya theluji yanashuka toka juu ambako huwezi hata kupaona, Januari 2020 watalii na waongozaji walifukiwa karibu na Deurali. Mwezi wa 11 kawaida ni salama, anga safi, lakini wekeni siku moja ya akiba kabla ya ndege ya kurudi ili msibishane na mlima kwa sababu ya tiketi.

Mgumu_Mstaafu:

Nakazia hapo kwa mapota. Waulizeni kampuni kila pota anabeba kilo ngapi, ana jaketi, ana bima, analala wapi. Kwa kawaida pota mmoja kwa wageni wawili, kila mgeni kilo kumi au kumi na mbili. Watu wanne mna mapota wawili, kila mmoja na mabegi mawili, basi. Sisi tuliobeba tunajua tofauti ya kilo ishirini na thelathini kwenye ngazi. Na tipu mtoe kila mtu mkononi mwake mwenyewe, msimpe mmoja agawe.

Mama_Kisasa:

Wakuu nimerudi. Kampuni wamejibu wamekubali usiku wa MBC, tunaongeza siku moja na hela kidogo, na pota wao anabeba kilo 20 mwisho na ana bima. Nimepima selimundu, sina, mwenzangu mmoja wa Mwanza kakutwa anacho kinasaba na anaonana na daktari wiki ijayo. Daktari wangu kanibadilishia ile dawa ya kukojolesha na kasema tutaonana tena mwezi wa 9 aamue kuhusu Diamox.

Ngazi za ofisini nimeanza, wiki ya kwanza kweli nilikuwa nashuka kwenye gari nimeshika mlango. Nimebaki na swali la viatu. Pale Sabasaba mitumba nimeona buti nzuri sana za milimani, za ngozi, zinaonekana hazijavaliwa hata kidogo, bei ya kawaida. Ninunue au nisubiri Kathmandu?

Mgumu_Mstaafu:

Kiatu usisubiri Kathmandu, kiatu lazima kiwe kimeshatembea na mguu wako. Na buti ya mtumba ambayo haijavaliwa ndo ya kuogopa zaidi. Lile povu kati ya soli na ngozi linaoza lenyewe likikaa miaka stoo, hata kiatu kikionekana kipya, halafu siku ya pili ya safari soli yote inabanduka. Nimewafungia wateja soli kwa kamba na gundi ya tepu mlimani, buti za bei mbaya kabisa. Kichukue kiatu, kikunje kwa nguvu, bonyeza kidole gumba pembeni pale kwenye povu. Ukiona nyufa nyembamba, au kinatoa unga, au kidole kinazama na povu halirudi, rudisha. Likiwa gumu na linarudi, jaribu jioni miguu ikiwa imevimba kidogo, na soksi nzito, usukume vidole mbele kabisa, nyuma ya kisigino kidole kimoja kiingie. Ukishuka mlima vidole vikigusa mbele kucha zitatoka.

Ukikosa hapo nenda Moshi, soko la mitumba la Memorial, ama maduka yanayokodisha vifaa vya Kilimanjaro nao huwa wanauza. Ukishanunua vaa nayo kazini, vaa sokoni, vaa kila wikiendi.

Na kama hutojali, sisi wachache tunapanda kilima nyuma ya UDOM kila Jumamosi, tunaanza saa 12 kamili asubuhi, wamo wamama wawili wa rika lako na mmoja anajiandaa na Meru. Nitumie ujumbe pembeni nikuelekeze tunapokutania. Njoo na zile chupa nne.

Mama_Kisasa:

Nimekutumia kaka. Jumamosi nipo.